Picha za Nondo Mmoja

Mtaani walimwita Vuta Pumzi. Jina hilo alitoka nalo hospitalini, alikofanya kazi ya eksirei mpaka nywele zikamwisha kichwani, na kazi yenyewe haikumdai maneno mengi: vuta pumzi, ishike, usitikisike, haya pumua. Watoto wa jirani wakimwona anapita walijaza mashavu hewa na kusimama wima kama askari, mpaka mmoja ashindwe na kuangua kicheko. Naye alicheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa.

Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja wa kikazi ambao kustaafu hakukuuponya. Mpiga picha wa eksirei hasemi alichokiona. Yeye ndiye anayeona kwanza, kabla hata ya daktari: mfupa uliopasuka, doa mahali pasipotakiwa doa. Mgonjwa anafunga vifungo vya shati huku akimkodolea macho, "Vipi kaka, umeona nini?" na jibu ni kwamba daktari atasoma. Ndivyo alivyofunzwa, na alilitoa jibu hilo kwa uso mkavu usiovujisha habari hata chembe. Sasa mtu akikaa na uso wa namna hiyo miaka nenda miaka rudi, hauwezi kubaki kazini. Ukimwuliza mzee huyu kama mchuzi umekolea chumvi, atakuambia tungoje na wengine waonje.

Aliyejua kuucheka uso huo ni mkewe. Yeye alikuwa opereta wa simu katika hospitali hiyohiyo, na hata baada ya kustaafu wote walimwita Opereta, mumewe akiwa wa kwanza. Namba za wodi zote alikuwa nazo kichwani, na za majumbani kwa madaktari, na za fundi bomba. Walichumbiana kwa simu. Vuta Pumzi alikuwa anapiga kuomba aunganishwe na stoo, na stoo ilikuwa mlango wa pili kutoka chumba chake. "Nikasema moyoni, huyu ama ni mvivu wa kutembea, ama ananitaka," Opereta alipenda kusimulia. "Kumbe yote mawili!"

Siku hizi hadithi hiyo alikuwa anaisimulia mara mbili katika mlo mmoja, na mara ya pili alicheka vilevile kama mara ya kwanza.

Vuta Pumzi alikuwa ameona. Aliona sukari ikitiwa kwenye chai ambayo tayari ilikuwa na sukari. Aliokota funguo za nyumba ndani ya friji. Siku moja alimkuta mkewe amesimama kwenye njia panda, kikapu mkononi, akisalimia kila mpita njia kwa uchangamfu, kumbe anangoja mtu anayemfahamu amwonyeshe njia ya nyumbani. Aliona yote hayo, akakaa kimya. Hakumwambia mkewe wala watoto, na kwa daktari hakumpeleka. Opereta naye si mjinga. Jioni moja, wakikunja nguo, alimwuliza, "Mzee, hivi wewe unanionaje siku hizi?"

"Nakuona mzuri," alijibu mzee.

Lilikuwa jibu la kweli kabisa, na lilikuwa jibu la mwoga.

Mambo yakawa hivyo mpaka nondo alipokuja. Ilikuwa asubuhi, umande haujakauka, Vuta Pumzi yumo jikoni anapambana na kifuniko cha chupa ya chai, akasikia anaitwa kutoka bustanini.

"Mzee! Njoo haraka! Njoo na miwani!"

Bustani yao ni kipande kidogo nyuma ya nyumba: matuta machache ya mboga, kamba ya nguo, bomba la maji, na mpera mmoja ulioota wenyewe wakaona vibaya kuukata. Chini ya tawi la mpera ndipo nondo alipokuwa ananing'inia. Alikuwa mkubwa kiasi kwamba mwanzoni mzee alidhani ni jani lililokauka. Kiganja cha mtu mzima kisingemfunika. Mabawa yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na shingoni alikuwa na manyoya mazito kama mtu aliyejifunga blanketi asubuhi ya baridi. Pembeni yake palikuwa na kifuko kikavu chenye tundu, alimotokea.

"Usimguse," Opereta alinong'ona. "Ndiyo kwanza anavaa."

Alitoa simu mfukoni mwa gauni. Mzee akasimama nyuma yake, akajaribu kujizuia, akashindwa.

"Bana viwiko mbavuni. Haya. Vuta pumzi. Ishike."

"Nani, mimi au yeye?"

"Wote wawili."

Opereta alicheka, simu ikatikisika, picha ya kwanza ikawa ya ukungu mtupu. Mzee akaingia ndani, akatoka na rula, kwa sababu kwake picha isiyo na kipimo ni mapambo. Kisha akataka ya mbele na ya ubavu.

"Kwani tunamtibu?" aliuliza Opereta, lakini alizunguka akapiga ya ubavu pia.

Picha zilikwenda kwenye kundi la familia. Kitinda mimba wao, fundi wa kompyuta anayeishi mji mwingine na ambaye hulala na simu usoni, alijibu papo hapo: huyo ni jike, nondo wa aina hiyo hawana mdomo wa kulia, wanaishi siku chache tu, na jike hukaa palepale akingoja madume yamfuate kwa harufu. Opereta aliusoma ujumbe kwa sauti, akajipiga paja. "Mgeni asiye na mdomo! Huyo na akae hata mwezi!"

Wakanywa chai yao wakiwa na furaha. Vuta Pumzi aliosha vikombe, akaketi na redio yake, na kabla kipindi hakijafika katikati akasikia tena.

"Mzee! Njoo haraka! Njoo na miwani!"

Alitoka mbio akidhani nondo ameruka. Nondo alikuwa palepale. Opereta alikuwa chini ya mpera, mkono mdomoni, macho yamemtoka kwa mshangao mtamu. "Tazama! Tazama nilichokiona! Umewahi kuona dude kubwa namna hii?"

Mzee akaivaa miwani polepole, ili apate nafasi ya kuuweka uso sawa.

"Lo!" alisema. "Mkubwa kwelikweli."

Siku nzima ilikwenda hivyo. Kila alipoitwa alikuja, kila alipokuja alishangaa, na kila mara picha mpya ilikwenda kwenye kundi na ujumbe uleule: njooni muone nilichokipata sasa hivi. Mchana binti yao mkubwa, mhasibu, mtu wa kutotafuna maneno, akampigia baba yake.

"Baba, mama ametutumia nondo yuleyule tangu asubuhi. Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Amempenda tu."

"Baba."

"Ni mtandao huo, mwanangu. Unarudisha ujumbe."

"Nakuja mwisho wa mwezi," alisema binti. "Na nikikuta mambo si sawa, mama nitamchukua akae kwangu. Wewe ukitaka, njoo naye. Lakini sitamwacha huko ukinifichaficha."

Kwa binti ni ghorofani, nyumba nzuri, safi, isiyo na bustani. Mzee akamwona mkewe mawazoni, amekaa kwenye kochi la huko, mikono mapajani, anangoja mtu anayemfahamu apite.

Hapo ndipo alipofanya ujanja wake, na ujanja wenyewe aliutoa kazini. Enzi za eksirei za filamu, picha iliyorudiwa haikwenda kwa daktari. Mgonjwa akitikisika, au akikohoa, unapiga nyingine, na ile mbovu unaitupa kwenye boksi la marudio. Daktari anapokea moja, safi, asijue hata kama ulihangaika. Basi Opereta alipojilaza baada ya chakula, Vuta Pumzi alichukua simu ya mkewe, akaketi dirishani penye mwanga, akaanza kuchambua. Aliacha picha moja nzuri. Zilizobaki alizifuta, moja moja, kwa kidole chake kinene. Kwenye kundi pia akafuta alizoweza. Mkewe alipoamka akamwambia kwamba mtandao unasumbua, kuanzia sasa picha amwachie yeye azitume.

Kesho yake mpango ulikwenda kama maji. Opereta alipiga picha asubuhi nzima. Mzee akachambua wakati wa usingizi wa mchana, akatuma moja. Binti akajibu kwa alama ya moyo, akaandika kwamba mwisho wa mwezi anakuja. Mzee alijiona mjanja kweli, akajipikia kahawa.

Asubuhi iliyofuata Opereta aliingia jikoni, simu mkononi, paji la uso limekunjamana.

"Mzee, ile picha ya jana iko wapi? Ile ya mkono."

"Mkono gani?"

"Mkono wangu. Niliuweka nyuma yake, bila kumgusa, ili nguo za kwenye kamba zisionekane. Basi akafungua mabawa yote, pwaa, yale madoa kama macho yakatokea, manne, na pete yangu inaonekana hapa chini. Nikajiambia hii ndiyo yenyewe. Hii nitaichapisha niiweke ukutani."

Mzee aliikumbuka. Aliifuta bila hata kufikiri mara mbili, kwa sababu ilikuwa na mkono ndani, na maisha yake yote picha iliyoingia mkono wa mtu ni picha iliyoharibika. Sasa alikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa wazi mbele yake kama mlango. Lakini ule uso mkavu ulimjia wenyewe, kama mtu anavyoinua mkono kuzuia jua.

"Labda hukubonyeza," alisema.

Opereta alimtazama. "Nilibonyeza. Nilisikia ule mlio."

"Labda ulidhani."

Hakubisha tena. Aliitazama simu, akaitia kwenye droo ya vijiko, akaifunga droo. Akaketi. Na siku hiyo hakwenda bustanini. Maji ya chai yalipochemka alimwita mzee aje azime jiko. Alipotaka kwenda bafuni alisimama mlangoni kwanza, kama mtu anayehakikisha nyumba ni ileile. Mzee alimwuliza kama haendi kumwona nondo wake. "Nenda wewe," alijibu. "Ukiona yupo, yupo."

Karibu na adhuhuri alisema, bila kuinua macho, "Mpigie binti yako. Mwambie asingoje mwisho wa mwezi. Aje anichukue."

"Kwa nini tena?"

"Kusahau nimeshazoea, mzee. Usidhani sijui. Nasahau, naingia chumba najiuliza nimefuata nini, natoka. Hilo naliweza. Lakini leo nimekumbuka kitu ambacho hakikutokea. Nakiona mpaka sasa, na pete yangu, na mabawa yale." Sauti ilimkatika, ile sauti iliyounganisha hospitali nzima. "Kichwa kikianza kunitungia mambo, nitamwamini nani?"

Kuna watu ambao wangeruka hapohapo wakapiga magoti. Vuta Pumzi si wa hao. Alisimama karibu na sinki, kitambaa cha vyombo mkononi, akikikamua ingawa kilikuwa kikavu. Alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Kisha akakiweka kile kitambaa.

"Ilitokea," alisema.

"Nini?"

"Ile picha. Uliipiga. Ulikumbuka sawasawa. Mimi ndiye niliyeifuta."

Opereta aliinuka taratibu. "Rudia."

"Mimi ndiye niliyeifuta. Juzi na jana, ukilala, nilikuwa nazifuta."

"Yaani umeniacha tangu asubuhi najiona nimeingia wazimu, wewe umekaa hapo unakunywa chai?"

"Ndiyo."

"Chai na mkate!"

"Ndiyo."

"Na siagi ukapaka!" Alitafuta kitu cha kumrushia, akapata ndizi, akamrushia. Ilimpiga begani. Mzee hakuikwepa. "Kwa nini? Nondo wangu alikukosea nini?"

Opereta hakungoja jibu. Alivuta droo ya vijiko, akatoa simu. "Unajua wewe hujui simu," alisema kwa hasira. "Ulidhani ukifuta ndiyo imekwenda? Simu ina pipa lake. Mwanao alinionyesha. Ukifuta kitu kinakaa humo siku nyingi tu kabla hakijatoweka." Na vidole vyake, vilivyozoea kuchomeka nyaya kwenye ubao wa simu bila kutazama, vilikwenda moja kwa moja mahali penyewe.

Kioo kikajaa nondo.

"Hii hapa!" alipiga kelele. "Hii hapa, si unaona! Mkono wangu! Pete!" Aliikumbatia simu kifuani, akaitazama tena. Kwa kitambo hicho alikuwa na furaha tupu, furaha ya mtu aliyerudishiwa mali yake, na mzee naye akafurahi kwa ajili yake, akasahau kinachofuata.

Kisha Opereta akasogeza kidole. Nondo. Akasogeza. Nondo. Kidole kikawa kizito. Nondo yuleyule, tawi lilelile, mwanga wa asubuhi, mwanga wa saa nne, kivuli cha mchana. Akakalia kiti bila kukitazama.

"Zote hizi nimepiga mimi?"

"Ni wewe."

"Na kila mara nilikuita?"

"Kila mara."

"Ukaja?"

"Nilikuja."

Nje bomba lilikuwa linadondosha maji. Baada ya muda Opereta alivuta kiti cha pili kwa mguu, akakielekeza kwake. "Kaa hapa uniambie. Na usinitajie daktari. Uniambie wewe ulichokiona."

Vuta Pumzi alikaa akamwambia. Mwanzoni maneno yalitoka kama ya mtu anayejifunza kusoma. Akamwambia habari za sukari na za funguo. Akamwambia habari za njia panda, hiyo Opereta alikuwa haikumbuki kabisa, na alipoisikia alifumba macho. Akamwambia kwamba ile hadithi ya stoo anaisimulia mara mbili, na kwamba yeye anaipenda mara zote mbili. Akamwambia kwamba alinyamaza kwa sababu aliona akishalisema litakuwa kweli, na likiwa kweli watamchukua, na yeye bila mkewe hajui hata taulo zinakaa kabati gani. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta, kwa kuwa kitambaa alikiacha mbali.

Opereta alisikiliza kama zamani alivyosikiliza simu za dharura, bila kukatiza.

"Nilikuwa najua," alisema mwishowe. "Si hayo yote, lakini nilikuwa najua. Nilichokuwa sijui ni kama ninajua peke yangu." Akamshika mkono. "Ilikuwa inanitisha hiyo kuliko ugonjwa wenyewe."

Walimpigia binti pamoja, simu mezani katikati yao. Opereta mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti yake ya kazini, kwamba mama anasahau, baba alikuwa anaficha, wiki hii wanakwenda wote wawili kwa daktari, na yeye habanduki kwenye nyumba yake kabla daktari hajamwambia neno la maana. Binti alilia. Halafu akauliza nondo anaendeleaje. "Subiri," alisema Opereta, akatoka na simu kwenda kumtazama, na mzee alimfuata nyuma. Walikuta anataga. Mayai madogo, meupe, yamepangwa upande wa chini wa jani. Walipozipitia zile picha za pipani tena jioni, waliona kwamba hazikuwa za kurudiwa hata kidogo. Katika moja anatetemesha mabawa. Katika nyingine ametoa mguu mmoja. Katika nyingine mwanga umepenya bawani na vishipa vyote vinaonekana, picha ambayo Vuta Pumzi, na uzoefu wake wote, angejivunia kuipiga. Hawakufuta hata moja.

Asubuhi iliyofuata nondo alikuwa chini, karibu na bomba, mabawa wazi, amekwisha. Mzee alikuwa anajaza ndoo. Alimwona Opereta akitoka mlangoni na khanga yake mabegani, akisimama, akitazama mpera, akitazama chini. Akainama, akamwangalia nondo kwa muda mrefu. Alipoinuka uso wake ulikuwa na ule mkunjo.

"Mzee," alisema. "Sema kweli. Mimi nina nini?"

Vuta Pumzi alifunga bomba. Akapindua ndoo moja tupu ili mkewe akae, na yeye akakaa kwenye ukingo wa tuta, akaanza mwanzo kabisa, kwenye sukari. Hakuruka njia panda. Hakuruka picha alizofuta, wala chai, wala siagi. Jua lilikuwa limeshafika kwenye kamba ya nguo alipomaliza.

"Uliwahi kuniambia haya?" aliuliza Opereta.

"Jana."

"Mimi nikafanyaje?"

"Ulinigombeza sana. Ukanipiga na ndizi. Halafu ukanishika mkono."

Opereta alilifikiria jambo hilo.

"Leo sina nguvu za kukugombeza," alisema, akanyoosha mkono.